Baba mdogo ndo ananilipia, visa imekataliwa, sasa ejenti anataka tubadilishe cheti changu cha kuzaliwa

Shikamoo anti,

Samahani nitaandika kirefu, hili jambo liko kichwani wiki ya pili sasa na nyumbani siwezi kulisema lote kama lilivyo.

Nina miaka 24, nimepata nafasi ya masta Uingereza, mambo ya usalama wa maji, chuo kiko nje ya London na kozi inaanza mwishoni mwa Septemba. Miaka miwili hii nafanya kazi maabara, tunaenda kwenye visima tunachukua sampuli, chupa zinawekwa kwenye boksi la barafu halafu tunakimbizana nazo zifike kabla ya saa 24 kuisha, kesho yake unafungua sahani unahesabu vidoadoa kimoja kimoja, na maji ya kunywa yanatakiwa yasiwe na E. koli (bakteria wa kinyesi) hata mmoja kwenye mililita 100. Siku ya kwanza kuona sahani imejaa vidoa kutoka kisima ambacho nilishaona watoto wanakunywa palepale sikulala. Ndo iliyonifanya niombe hiyo masta.

Ada nzima ni pauni 17,500, chuo wamenipa skolashipu ya 3,000, nikalipa dipoziti 4,000, ikabaki 10,500.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka 9. Mdogo wake ndo kanilea, kanisomesha kuanzia darasa la tatu mpaka chuo, na mi namuita baba, hiyo "mdogo" sijawahi kuitamka mbele yake. Pesa ya kuonyesha kwenye maombi ya visa kwamba nitaweza kujilipia ilikuwa kwenye akaunti yake, imekaa miezi mingi, ukiibadilisha inazidi pauni 21,500, haina ujanja wowote ni jasho lake. Niliambatanisha stetimenti zake, barua yake ya kukubali kunilipia na cheti changu cha kuzaliwa. Kwenye barua kaandika kabisa kwamba mimi ni mtoto wa marehemu kaka yake.

Nimekataliwa. Barua inasema pesa haiko kwa jina langu, wala la mzazi, wala la mlezi anayetambulika kisheria, kwa hiyo hawawezi kuihesabu. Hawajasema haitoshi anti, wamesema haihesabiki. Baba alipomaliza kuisoma alinyamaza muda mrefu halafu akauliza, "kwa hiyo mimi ni nani?" Nilikosa jibu.

Sasa kuna ejenti tumeletewa na rafiki wa mama, anataka pauni 1,500. Anasema atatoa cheti kipya cha kuzaliwa chenye jina la baba mdogo pale kwenye jina la baba. Kwenye fomu, palipoulizwa kama nimewahi kunyimwa visa niandike hapana. Na kama cheti hatutaki basi kuna mtu anakodisha hela, inaingia kwenye akaunti yangu inakaa siku 28 halafu inarudi kwa mwenyewe. Pia kasema ile ada ya afya tuliyolipa pamoja na visa, pauni 1,164, imeshaungua tuisahau.

Mama anasema ni karatasi tu. Baba mdogo kasema tutakachoamua atakikubali. Mimi usiku nakitoa kile cheti nakitazama, jina la baba limeandikwa kwa mkono kwa wino wa bluu, herufi ya kwanza imeanza kufifia. Ndo karatasi pekee yenye jina lake na langu pamoja. Roho inakataa, halafu nikikumbuka nafasi inapotea nachanganyikiwa upya. Ejenti nimeshamtumia picha ya pasipoti yangu. Nikate rufaa, niombe upya au nimfuate huyu? Leo ni mwanzoni mwa Juni, naomba unijibu haraka.

Mtoto wa marehemu

---

Marahaba mwanangu, na pole sana. Pole kwa kukataliwa na pole zaidi kwa lile swali la baba yako, maana naona ndilo linalouma kuliko visa yenyewe.

Nianze na la haraka. Huyo ejenti usimlipe hata senti, usimtumie karatasi nyingine yoyote, na kama ulishampa neno la siri la akaunti uliyoombea visa au la imeili yako libadilishe leo kabla hujamaliza kusoma hapa. Cheti cha baba yako kirudishe kwenye bahasha yake kikae hivyohivyo kilivyo. Hiki kitu kinatengenezeka kwa njia ya wazi kabisa na hata muda unao.

Kilichotokea ni hivi. Sisi kwa Kiswahili chetu mdogo wa baba ni baba, neno lenyewe limeshasema, na aliyekulea toka miaka 9 huyo ni baba bila mjadala. Kanuni za visa ya mwanafunzi za Uingereza zina orodha fupi ya akaunti wanazozikubali kwa pesa ya kuonyesha: yako mwenyewe, ya mzazi wako, ya mlezi wa kisheria, au ya mwenza wako. Mlezi wa kisheria kwao ni yule mwenye karatasi inayomtaja, ya mahakama au ya kuasili mtoto, kukulea peke yake hakuhesabiki hata kama kakulea miaka 15. Ami, mjomba, shangazi, kaka, dada, hawamo, awe na mamilioni hawamo. Afisa hajapima mapenzi ya huyo mzee na wala hajamuita muongo, ameangalia jina lililo juu ya stetimenti, akaangalia jina lililo kwenye cheti, hayakufanana, akafunga faili. Mwambie baba hivyo, tena msomee hii sehemu kwa sauti. Yeye ni nani? Ni baba yako ambaye akaunti yake haimo kwenye orodha yao, basi.

Na orodha hiyohiyo ndo inakupa njia. Imetaja akaunti yako wewe. Hakuna mahali kanuni inasema pesa iliyo kwenye akaunti yako lazima uwe umeitafuta wewe, baba mdogo anaruhusiwa kukupa, kama anavyokupa siku zote. Aihamishe kutoka kwake ije kwenye akaunti yenye jina lako, iwe zawadi ya kweli ambayo ni yako kuanzia siku hiyo, ikae siku 28 mfululizo, ndo uombe. Yaani pesa ileile, mtu yuleyule, imesogea tu akaunti moja kwenda nyingine. Najua inauma kusikia kwamba mngefanya hivyo toka mwanzo visa isingekwama hapa, mi mwenyewe nilivyosoma barua yako nilisikitika kwa sababu umeleta pesa halali na ukweli mtupu ukakwama kwa jina.

Sasa hizo siku 28 ndo watu wengi wanaangukia, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Kiasi chako ni ada iliyobaki, 10,500, pamoja na pesa ya kujikimu. Kwa chuo kilicho nje ya London wanataka pauni 1,171 kwa mwezi, inahesabiwa mpaka miezi 9, hiyo ni 10,539 (viwango hivi ni vya kuanzia Novemba 2025, ndani ya London ni 1,529 kwa mwezi). Jumla yako ni pauni 21,039. Hii ndo sakafu, salio lisishuke chini yake hata siku moja katika zile 28, hata kwa saa chache, likishuka unaanza kuhesabu upya toka siku ya kwanza. Na vitu vinavyolishusha ni vidogovidogo ambavyo hata huvifikirii, makato ya benki ya mwisho wa mwezi, ada ya kadi, umenunua bando kwa kadi ileile. Halafu pesa yako iko kwa sarafu ya nyumbani, wao wanaibadilisha kuwa pauni kwa kutumia viwango vya OANDA (tovuti ya viwango vya kubadilisha fedha) vya siku unayotuma maombi, kwa hiyo sarafu yenu ikiteleza kidogo wiki hiyo, pesa iliyokuwa inatosha jana leo haitoshi na hujagusa chochote. Umesema mnayo zaidi ya 21,500, mi ningependa mfike 22,500 au zaidi kama baba anaweza. Na hiyo akaunti isahau kabisa mwezi mzima, kadi yake mpe mama aiweke.

Aihamishe kwa mara moja, isije vipandevipande, maana hesabu inaanza siku jumla inapotimia. Tuseme imetimia tarehe 10 Juni, siku ya 28 ni tarehe 7 Julai. Tarehe 9 au 10 unaenda benki unachukua stetimenti inayoonyesha jina lako, namba ya akaunti, jina la benki na salio la kila siku iliyoguswa. Ukishaitoa usiikalie. Tarehe ya mwisho kwenye hiyo stetimenti isizidi siku 31 kufikia siku unayotuma maombi. Hili nalijua kwa maumivu, yangu ilifika siku 34 kwa sababu nilikuwa nasubiri cheti kingine, pesa ilikuwepo yote, siku zote zimetimia, nikakataliwa kwa siku tatu. Nilikaa kwenye ngazi za lile jengo na bahasha mapajani mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Kwa hiyo wewe kila kitu kingine kiwe tayari kabla, stetimenti iwe ya mwisho kuingia kwenye faili.

Baba pia aandike barua fupi kwamba amekupa hiyo pesa kama zawadi, si mkopo, asaini aweke tarehe, na muweke stetimenti yake inayoonyesha pesa ikitoka upande wake. Kanuni haikulazimishi kuleta hiyo barua lakini afisa akiona salio kubwa limeingia siku moja kwenye akaunti ya msichana wa maabara atajiuliza limetoka wapi, bora jibu alikute pale.

Naona ejenti anawaambia na yeye hela itakaa siku 28, kwa hiyo mtaona ni kitu kimoja. Si kimoja. Pesa inatakiwa iwe yako kweli, ya kulipia masomo na kuishi, na wana haki ya kupiga benki kuuliza. Ya kukodi ina mwenyewe anayeisubiri mlangoni, ikihojiwa huna maelezo, na siku ukifika kule utalipa nini hiyo 10,500? Hilo swali ejenti hajaliuliza kwa sababu yeye kazi yake inaishia ukishamlipa.

Kuhusu cheti, hebu tulia ufikirie kitu kimoja. Cheti chako cha kweli umeshakituma. Kiko kwenye faili lao, kina jina la marehemu baba yako, na pembeni yake kuna barua ya baba mdogo kwa mkono wake inasema wewe ni mtoto wa kaka yake. Leo upeleke cheti kingine chenye baba mwingine? Afisa hahitaji hata upelelezi, anafungua faili la kwanza na la pili anaweka karatasi mbili sambamba. Na kule kuandika "hapana" kwenye swali la kunyimwa visa ni hivyohivyo, waliokunyima ni wao, alama za vidole ulizotoa wanazo. Kanuni zao zinasema ukikamatwa umetumia karatasi ya kughushi au umeficha jambo kwa makusudi, maombi yanakataliwa kwa udanganyifu na unaweza kufungiwa miaka 10. Na nchi nyingine nyingi fomu zao zinauliza umewahi kunyimwa visa popote, kwa hiyo hilo doa unasafiri nalo. Kukataliwa kwako kwa sasa ni kwa kosa la karatasi, ukiomba tena unaandika "ndiyo", unaweka tarehe, unaeleza kwa sentensi mbili tatu kwamba pesa ilikuwa kwenye akaunti ya baba yako mdogo na sasa iko kwenye yako. Hakuna aibu yoyote hapo.

Mama yako namwelewa, mzazi akiona mtoto analia anashika chochote kilicho karibu. Ila hiyo si karatasi tu, na wewe mwenyewe unajua, ndo maana unaitoa usiku. Hukukosea kusikiliza roho yako.

Umeuliza rufaa. Kuna kitu kinaitwa mapitio ya kiutawala, unalipa pauni 80, unaomba ndani ya siku 28 toka upokee uamuzi, lakini ni kwa ajili ya kosa la afisa, na kwa kawaida hawapokei karatasi mpya. Afisa wako hajakosea kanuni, kwa hiyo utakula wiki zako bure. Omba upya.

Lakini kabla ya kuomba upya inabidi uongee na chuo, na hili lifanye kesho asubuhi, usisubiri siku 28 ziishe. Namba ya CAS waliyokupa, yaani ile ya uthibitisho kwamba chuo kimekupokea, ukishaitumia kwenye maombi imekwisha, unahitaji mpya. Waandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, watumie barua ya kukataliwa nzima kurasa zote, usiikate, usiifupishe kwa maneno yako, waambie sababu ni hii na umeirekebisha hivi, waulize wanataka kuona nini na mwisho wao wa kutoa CAS ni lini. Watakuwa waangalifu, maana Home Office (wizara yao ya mambo ya ndani, ndo inayotoa visa) inaangalia kila chuo ni wanafunzi wangapi wanakataliwa na chuo kinaweza kupoteza ruhusa ya kupokea wageni, kwa hiyo wakikuuliza maswali mengi usikasirike. Hakikisha CAS mpya inataja ile 4,000 uliyolipa na ile skolashipu 3,000, isipotajwa zinaweza kuhesabika kama hazipo na sakafu yako ikapanda. Uliza pia, kwa maandishi, kama Septemba ikishindikana wanaweza kukusogeza na skolashipu ikabaki.

Pesa ya visa yenyewe kweli haitarudi, na utalipa tena. Ada ya afya lakini ejenti amewadanganya, maombi yakikataliwa inarudishwa kwenye kadi ileile iliyolipia, pauni zote 1,164, mjulisheni aliyelipa aangalie kadi yake. Inaweza kuchukua wiki kadhaa kwa hiyo msiitegemee kwa malipo ya pili, na tafadhali malipo ya pili yasitoke kwenye ile akaunti ya 28.

Kama nchi yako ni ya zile zinazopima kifua kikuu, angalia tarehe ya cheti chako, kinadumu miezi 6, kama ulipima mapema mwaka huu kinaweza kuisha katikati ya haya yote. Na karatasi yoyote isiyo ya Kiingereza iwe na tafsiri iliyothibitishwa.

Ukituma katikati ya Julai, uamuzi kwa walioomba wakiwa nje ya Uingereza kwa kawaida unatoka ndani ya wiki 3, hiyo ni mwanzoni mwa Agosti. Unaona muda upo.

Kitu kimoja cha mwisho. Wanaweza kukuita kwenye mahojiano ya video, wanapima kama ni mwanafunzi wa kweli, watakuuliza kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, ukimaliza utafanya nini. Usikariri majibu ya mtu. Ile aya uliyoniandikia ya boksi la barafu na kuhesabu vidoa na watoto wanaokunywa kisimani, uliiandika bila kufikiria visa na mimi niliyesoma nikakuamini palepale. Sema hiyo. Halafu fungua ukurasa wa kozi, tafuta somo linalogusa kazi unayofanya, ujue jina lake na kwa nini unalitaka, hapo utaongea mwenyewe bila mtu kukufundisha.

Kesho ukitoka kuwaandikia chuo, mchukue baba mwende benki pamoja, ajaze fomu ya kuhamisha yeye, na pale wanapouliza sababu ya malipo aandike kwa mkono wake: masomo ya mwanangu.